Shangazi, wangu amefungwa kamba, wa mwenzangu yuko huru, na lawama ni yangu

Shikamoo Shangazi,

Huwa nasoma majibu yako kwa watu wenye mambo mazito ya ndoa na mirathi, nikawa naona langu ni dogo mno kukusumbua nalo. Lakini limefika mahali linaninyima raha, na nyumbani sipati wa kunielewa. Naomba unisikilize.

Nina mbwa jike, anaitwa Tausi, ana miaka tisa. Nilimchukua akiwa mkubwa tayari kutoka kwa familia iliyokuwa inahama, na tangu mwanzo niliona si mbwa wa makundi. Watu anawapenda, watoto anawavumilia, ila mbwa wenzake anapenda kuwaona kwa mbali. Siku hizi mguu wake wa nyuma wa kushoto unakakamaa. Akiamka huchechemea hatua za kwanza, ndipo unalegea. Kila asubuhi kabla ya kazi nampeleka bustanini, nimemfunga kamba. Tunazunguka polepole, ananusa miti yake, tunarudi. Hiyo ndiyo starehe yetu sote wawili.

Shida ni kwamba saa hiyohiyo hukutana hapo kundi la watu wenye mbwa. Wanajuana miaka, na wakishaingia tu getini huwafungulia. Anayewaongoza ni mzee mmoja wa umri wa baba yangu, mtu wa heshima zake. Ana mbwa dume kijana, mkubwa wa mwili, anaitwa Simba. Simba akituona huchomoka mbio na kutujia moja kwa moja, na Mzee huku nyuma anapaza sauti: "Usiogope binti, hana neno, anataka kucheza tu!"

Hachezi, Shangazi. Anamvamia. Anamwekea Tausi kifua mabegani, anamnusa nyuma, anamzunguka, naye Tausi anakimbilia nyuma ya miguu yangu mpaka kamba inanifunga mapaja. Namsihi Mzee amwite. Anamwita kweli, lakini Simba hageuzi hata sikio. Nimemwomba zaidi ya mara moja amshike anapotuona. Hajawahi kunifokea, hujibu kwa upole kabisa: "Binti, wewe ndiye unayemharibu huyo mbwa kwa kumbana. Mlegezee kamba waelewane wenyewe, mbwa wana lugha yao." Wenzake wanaitikia. Mama mmoja wa kundi lile aliniambia mbwa asiyependa wenzake akae nyumbani.

Wiki iliyopita ndipo yakatokea. Tulikuwa kwenye kile kijia chembamba, ukuta upande huu, ua wa michongoma upande ule. Simba akaibuka mbele yetu. Tausi akasimama. Akalamba pua, akageuza kichwa pembeni kana kwamba hamwoni, akabana mkia. Nikavuta kamba nimweke karibu nami. Simba akafika, akampandia mabegani. Tausi akakaza mwili mzima, akanguruma. Nikamwambia "Nyamaza!" maana watu walikuwa wanatutazama na nilijisikia aibu. Kufumba na kufumbua akageuka, akamng'ata Simba sikio na kumwachia. Sikio likachanika, damu ikaruka mpaka kwenye viatu vyangu. Nilikuwa nimeshaingiza mkono kuwaamua, na jino la mmoja wao, sijui la nani, likanichuna kidole. Nilikisuuza nyumbani nikabandika plasta, kinakauka sasa.

Mzee anataka nimlipe gharama za matibabu ya sikio. Kundi zima linasema Tausi ni mkali, akitaka kuja bustanini avalishwe kifunga mdomo. Mzee anasisitiza kuwa Simba alikuwa anatikisa mkia, kwa hiyo hakuwa na nia mbaya. Mume wangu anasema nilipe yaishe, kisha tubadilishe saa ya kutembea. Mimi nina uchungu. Mbwa wangu alikuwa kwenye kamba, kando ya mguu wangu, hakumfuata mtu. Lakini kubishana na mtu mzima wa umri ule mbele za watu, sikulelewa hivyo.

Je, kosa ni la nani? Nilipe? Tausi ni mkali kweli? Na nitaongea vipi na Mzee bila kumvunjia heshima?

Ni mimi,
Niliyechoka Kukwepa


Marahaba, mwanangu.

Uliyouliza nitayajibu yote, ila kwanza tuseme la hicho kidole, ulichokitaja juujuu kisha ukapita. Nakuomba uende zahanati au hospitali leo. Jino la mbwa likichuna ngozi ni jambo la kuonwa na daktari, hata kama mbwa wote wawili wanaonekana wazima, hata kama mmoja wao ni wako unayelala naye nyumba moja. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate na huingia kupitia ngozi iliyochubuka, na dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili ni habari nyingine: chanjo huzuia. Kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu tangu kuumwa hadi dalili kutokea, ingawa kwa wengine ni wiki chache tu, kwa hiyo leo hujachelewa, na huna sababu ya kungoja. Shirika la Afya Duniani linaelekeza jeraha la mbwa lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kusuuza na kubandika plasta hakutoshi.

Ukifika kwa daktari mweleze yote: mbwa wawili, wenyewe wanajulikana, chanjo zao ni za lini. Mbwa anayejulikana anaweza kuangaliwa kwa siku 10 tangu alipouma. Akibaki mzima siku zote hizo, maana yake hakuwa na virusi kwenye mate siku ile, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Unaona basi kwamba kitu cha kwanza cha kumwomba Mzee ni cheti cha chanjo cha Simba. Na wewe mpelekee cha Tausi bila kungoja uombwe, kwa kuwa mbwa wake naye ameng'atwa na ana haki ya kujua.

Haya, sasa tuingie bustanini.

Tausi si mkali. Nasema hivyo kwa sababu wewe mwenyewe umeniandikia ushahidi, labda bila kujua uzito wake. Umesema alisimama. Akalamba pua ilhali hakuna chakula. Akageuza kichwa pembeni. Akabana mkia. Akakaza mwili. Akanguruma. Kila kimoja hapo ni neno, na yote yana maana ileile: usinikaribie. Mkufunzi mmoja wa mbwa wa Norway, Turid Rugaas, amefanya kazi kubwa ya kuwafundisha watu kuziona ishara hizi ndogo, kulamba pua, kupiga miayo, kuangalia pembeni, ambazo mbwa hutumia kupoza mambo kabla hayajachacha. Tausi alizitoa moja baada ya nyingine, kwa mpangilio mzuri kuliko watu wengi wanavyogombana. Hakujibiwa hata moja. Jino lilikuja mwisho, baada ya maneno yote kwisha.

Na litazame hilo jino lenyewe. Aling'ata mara moja, akaachia. Hakung'ang'ania, hakumfuata. Sikio la mbwa lina ngozi nyembamba na mishipa mingi ya damu, kwa hiyo hata mkwaruzo mdogo hutoa damu inayotisha, na mbwa akitikisa kichwa damu ile hurukia kila mtu. Simba anastahili kutibiwa vizuri, na kuna jambo Mzee asilipuuze: tundu la jino linaweza kufunga juu huku chini linatunga usaha. Lakini wingi wa damu haupimi ukali wa mbwa.

Nakukataza kitu kimoja kwa msisitizo. Usimnyamazishe tena akinguruma. Naelewa aibu ya kutazamwa, lakini kunguruma ndiko kunakotuokoa sisi na mbwa wenyewe. Mbwa anayekatazwa kunguruma haachi kuogopa. Anaacha kuonya, na siku nyingine ataruka moja kwa moja kwenye kung'ata, kisha watu watasema "aliuma bila sababu". Akinguruma, kazi yako ni kumtoa pale alipo. Anakuwa ameshakwambia umbali umemshinda.

Kuhusu mkia wa Simba, Mzee anaamini kile wengi wetu tulichokulia nacho, kwamba mkia ukitikisika mbwa ana furaha. Sivyo. Mkia unatikisika mbwa anapochangamka, na mtu anaweza kuchangamka kwa furaha, kwa hasira au kwa wasiwasi. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya kupima mikia ya mbwa: walipowaona wamiliki wao, mkia uliegemea zaidi upande wa kulia wa mbwa, na walipoonyeshwa mbwa mgeni mwenye kujitutumua, uliegemea kushoto. Sitaki uanze kupima mikia bustanini, jicho la kawaida halioni vizuri tofauti hiyo. Wewe tazama mwili mzima. Mbwa anayetaka kucheza huwa mlegevu, hupindapinda kiuno, huinamisha kifua chini na kuacha makalio juu, kisha hurudi nyuma kidogo kumpa mwenzake nafasi ya kuitikia. Mkia uliosimama wima na kutikisika kwa haraka huku mwili umekaza ni kitu tofauti kabisa. Na kumpandia mwenzake mabegani bila kualikwa si mchezo, hata kama anayefanya hivyo ana moyo mweupe.

Simba huenda ana moyo mweupe kweli. Mimi simchukii, na nakuomba nawe usimchukie. Ni dume kijana, ana nguvu nyingi na adabu chache, kama vijana wengi. Swali halikuwa kamwe "je, Simba ni mpole?" Swali ni kama Tausi anataka kusalimiwa na kama wewe umekubali. Mtu mpole akija kukukumbatia njiani bila kukujua, upole wake haukuondolei haki ya kukataa.

Sasa hii "waache waelewane wenyewe". Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ugomvi mwingi wa bustanini unapozaliwa.

Ni kweli mbwa wana lugha yao. Na moja ya kanuni za lugha hiyo ni kwamba mbwa wenye adabu hawaendeani uso kwa uso kwa mwendo wa kasi. Waangalie wawili wazima wasiojuana, walio huru, mahali penye nafasi: hupinda, huchora nusu duara, hunusana ubavuni au nyuma kwa sekunde chache, kisha kila mmoja hushika njia yake. Asiyetaka hujiondoa. Kuelewana kwao kunategemea nafasi ya kupinda na uhuru wa kuondoka. Tausi hakuwa na hata kimoja. Upande mmoja ukuta, upande mwingine michongoma, shingoni kamba. Kiumbe anayetishwa huwa na njia chache: kukimbia, kuganda, kupigana. Kukimbia kulizuiwa na kamba. Kuganda alishajaribu. Anayesema walipewa nafasi ya kuelewana hakuitazama njia ile.

Ndiyo maana watu wenye kujali wanashika desturi moja rahisi: ukimwona mbwa wa mwenzako amefungwa kamba, mshike wa kwako. Hujui kwa nini amefungwa. Pengine anaogopa, pengine ni mgonjwa, ameshonwa nyuzi wiki hii, yuko kwenye joto la kutaka dume, ni kipofu, ndiyo kwanza ametolewa mahali alipokuwa anapigwa. Kamba ni tangazo linalotosha, mwenye mbwa hadaiwi maelezo. Katika nchi kadhaa kuna wanaofunga utepe wa njano kwenye kamba ili kusema "huyu anahitaji nafasi", mpango ulioanza Uswidi mwaka 2012. Ukitaka fanya hivyo, ila usiutegemee sana, kwa sababu asiyejua maana yake ataona urembo tu.

Yule mama aliyesema mbwa asiyependa wenzake akae nyumbani, kwa hilo amekosea, tena vibaya. Bustani ni ya wote. Mbwa anayetembea kwenye kamba, hamsumbui mtu, ananusa miti na kurudi kwake, huyo ndiye anayeitumia ipasavyo. Anayestahili kufikiriwa upya ni yule anayeachiwa ilhali akiitwa haji.

Na hoja ya kwamba Tausi "azoee"? Umri ambao mbwa hujifunza kwa urahisi zaidi kwamba mbwa wengine ni wa kawaida huanza wiki ya tatu hivi ya maisha na kuanza kufifia wiki ya kumi na mbili au kumi na nne. Baadaye bado anaweza kujifunza, lakini kwa umbali, polepole, kwa mambo mema kurudiarudiwa. Kumvamia kila asubuhi mbwa wa miaka tisa hakumzoeshi. Kunamthibitishia kwamba alikuwa sahihi kuogopa.

Kuna jambo jingine kwenye barua yako ambalo limenigusa kuliko ugomvi wenyewe, nalo ni ule mguu. Kukakamaa baada ya kulala na kulegea akitembea ni dalili inayoonekana sana kwa mbwa wazee wenye maumivu ya viungo. Mbwa mwenye maumivu huwa na subira fupi, na hapo usimlaumu. Fikiria dume zito linamwangukia mabegani, na uzito wote unashukia nyonga inayouma. Mpeleke kwa daktari wa mifugo amchunguze mguu na mgongo. Maumivu hayo yana dawa, lakini apewe na daktari, usimpe kabisa vidonge vya maumivu vya binadamu, maana baadhi yake ni sumu kwa mbwa. Sitashangaa ukaniambia baadaye kwamba, mguu ulipopoa, na wasiwasi ulipungua.

Swali la kulipa. Jibu langu ni hapana. Mbwa wako alikuwa amefungwa, kando yako, katika njia ya umma. Mbwa aliye huru ndiye aliyemfuata, mwenyewe alikuwa ameombwa mara kadhaa amshike, na alipoitwa hakuitika. Sheria za mbwa hutofautiana mahali na mahali, kwa hiyo kasome ubao wa masharti pale getini na uulize ofisi inayosimamia bustani hiyo. Lakini usilipe ili "yaishe" kabla hujajua unachokilipia, kwa sababu malipo ya kimyakimya yatasimuliwa kama kukiri kwamba Tausi ni mkali, na sifa hiyo ikimganda mbwa ni vigumu kuiondoa. Mwambie mumeo namwelewa, anataka amani ya nyumba yake. Ila amani hii ingekuwa ya wiki moja tu, maana kilicholeta ugomvi bado kinakimbia huru bustanini.

Kifunga mdomo nacho hakina aibu yoyote, nataka hilo lieleweke. Kile cha wavu, kinachomwacha mbwa ahemee mdomo wazi na kunywa maji, kimewasaidia mbwa wengi kutembea salama. Lakini kwa Tausi, wakati Simba bado anaachiwa, kingekuwa dhuluma. Ungemnyang'anya kinga ya mwisho huku anayemvamia haguswi. Wakishika mbwa wao ndipo tutazungumza kuhusu mdomo wa wako.

Sasa Mzee. Usimkabili bustanini, mbele ya wenzake. Mtu mzima akisahihishwa na aliye mdogo kwake hadharani atatetea heshima yake kwanza, na mbwa watasahauliwa. Mfuate kwake, au mngoje getini akiwa peke yake. Nenda na mumeo kama atakubali. Anza na sikio: "Shikamoo Mzee. Nimekuja kumjulia hali Simba." Sema hivyo kwa dhati, maana mnyama ameumia na hakujua kosa lake. Mpe cheti cha Tausi, omba cha Simba, mweleze habari ya kidole na daktari. Baada ya hapo sema jambo moja tu: "Mzee, Tausi ni mzee na mguu unamuuma. Akirukiwa anaogopa. Nakuomba, ukituona, umshike Simba mpaka tupite. Mimi nitapitia upande wa pili, na nikiwaona kwanza nitakuita." Ishia hapo. Usimwambie Simba hana adabu, usimwambie hajui kulea mbwa, usirudie yaliyosemwa na kundi. Ombi dogo lililo wazi ni rahisi kulikubali bila kushindwa mbele ya mtu. Akirudia kwamba unamharibu mbwa kwa kumbana, usibishane naye, jibu tu: "Huenda, Mzee. Lakini naomba unishikie."

Ikiwa atakusikiliza, na nahisi mtu asiyefoka atakusikiliza, mpe na wazo la kumsaidia Simba. Si lazima kijana yule afungwe kamba fupi maisha yake yote. Kuna kamba ndefu, ya mita 10 hivi, inayofungwa kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, ili akifika mwisho kwa kasi asijiumize. Akiwa na hiyo anakimbia, ananusa, na bado anaweza kuzuiwa. Wakati huohuo afundishwe kuitika, kuanzia ndani ya nyumba, kisha uani, kisha mahali penye mbwa kwa mbali, na kila akija apewe kitu kitamu na asifiwe, hata kama amechelewa. Anayemchapa mbwa aliyerudi amemfundisha kutorudi. Kipimo chake ni rahisi: kama haji kwa kuitwa wakati kuna mbwa mwingine mbele yake, hajawa tayari kuachiwa mahali penye mbwa wengine.

Kwa upande wako, kuna ya kufanya kwa mikono. Ukimwona Simba, mwili wako unakaza na mkono unavuta kamba. Ni jambo la kawaida, lakini Tausi anausikia mvuto ule shingoni na anauelewa kuwa hatari imefika kweli. Mfundishe nyumbani neno la kugeuka, "twende" au lolote utakalochagua: unasema, unageuka upande mwingine, akikufuata unampa kipande cha chakula anachokipenda. Rudieni mpaka iwe mazoea, ndipo mlitumie nje. Kamba iwe mkononi lakini ilegee kidogo. Kile kijia cha ukuta na michongoma kiacheni kwa sasa, piteni penye uwazi ambapo mnaweza kupinda.

Na mbwa wakishikana tena, mkono usiingie kati. Anayepigana huuma chochote kilicho karibu, na kidole chako ni shahidi. Mwagia maji, rusha koti juu yao, ingiza kitu kati yao, begi au ubao. Kama mna watu wawili na hakuna njia nyingine, kila mmoja amshike mbwa wake miguu ya nyuma na kumvuta kinyumenyume. Simba akija tena mbio kabla hajafika, simama mbele ya Tausi, nyoosha kiganja, sema "Simama!" kwa sauti nzito. Wengi hushtuka wakasita, na sekunde hizo zinatosha Mzee kufika.

Mkishazungumza na ikawa bado anamwachia, andika tarehe na kilichotokea kila mara, kisha zipeleke kwa wasimamizi wa bustani. Hapo hutakuwa umemvunjia heshima. Ulimfuata kwanza mwenyewe, kwa adabu, faraghani.

Wazo la mumeo la kubadilisha saa silitupi lote. Kwa wiki mbili au tatu hivi, wakati Tausi anaonwa na daktari na mnajifunza kugeuka, nendeni saa kundi halipo. Mbwa aliyetoka kupigana anahitaji matembezi kadhaa yasiyo na kitisho chochote. Baada ya hapo rudini kwenye asubuhi yenu, na mumeo aje nanyi siku za kwanza. Akimwona Mzee atangulie yeye kumsalimia na kusimama naye, wewe upinde na Tausi upande wa pili wa nyasi, kamba ikiwa imelegea, mpite.

Shangazi